Mgonjwa wa ubongo akikwambia "niko vizuri", umempima au umemsalimia tu?

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za saa hizi. Wauguzi, wanafunzi wa fizio na wa tiba kwa vitendo, na hasa nyie mnaouguza nyumbani, mliomwacha mgonjwa na jirani ili mje hapa, asanteni sana, najua kutoka tu nje ya geti ukiwa unauguza ni kazi. (Nimeiandika upya hotuba hii kwa ajili ya ambao hawakuwepo ukumbini, nimejaribu kuiacha kama nilivyoongea.)

Niingie moja kwa moja. Raundi ya asubuhi wodini mnaijua. Dokta anafika kitandani, "mzee unaendeleaje?" Mzee anajibu "naendelea vizuri dokta, tunamshukuru Mungu." "Mkono vipi?" "Mkono hauna shida." Basi, faili linaandikwa mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko, siku mbili tatu baadae karuhusiwa. Wiki ikiisha anarudishwa kavunjika nyonga kwasababu aliamka usiku kwenda chooni kwa mguu ambao haufanyi kazi. Na hakudanganya, jamani. Siku ile alipomwambia dokta mkono hauna shida alikuwa anasema anachokijua.

Hilo ndo nataka tukae nalo leo. Kujijua, yaani kujua kwamba mkono wangu umepooza, kwamba nasahau, kwamba siku hizi nina hasira za ghafla, hiyo nayo ni kazi ya ubongo. Na kama ni kazi ya ubongo basi inaweza kuumia kama inavyoumia kazi ya kuongea au ya kutembea. Ikiumia, mgonjwa hawezi kukwambia imeumia, maana kile ambacho angekitumia kukwambia ndo kilichoharibika. Ni kama geji ya mafuta ya pikipiki iliyokufa ikiwa imekaa kwenye full, dereva anaiangalia anaona mambo safi, anaendelea na safari, na huwezi kumlaumu kwamba haoni geji, anaiona vizuri tu. Sasa kama ni hivo kwanini sisi tunapima presha, tunapima sukari, tunapiga siti skani, halafu hili la kujijua tunaliacha kwenye "unaendeleaje"?

Sio jambo jipya. Mwaka 1914 kule Paris daktari wa mishipa ya fahamu anaitwa Joseph Babinski aliwaeleza wenzake kuhusu wanawake wawili waliopooza upande wa kushoto ambao walikuwa hawajui kwamba wamepooza. Akili zao nyingine ziko sawa, wanaongea, wanakumbuka, ila mmoja akiambiwa inua mkono wa kushoto ananyamaza kana kwamba hajaambiwa yeye, na mwingine anajibu kama vile "haya, tayari" na mkono haujasogea hata kidogo. Babinski ndo akaipa hali hiyo jina la anosognosia. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kwetu huku mgonjwa wa hivo anaitwa mkaidi, au ana kiburi, au wanasema kachezewa, na familia inaanza kuzunguka kwa waganga wakati jibu liko kichwani, mara nyingi upande wa kulia wa ubongo, ule unaoendesha mkono na mguu wa kushoto.

Na wagonjwa wenyewe sio wachache. Kuna utafiti ulifanyika Hai mkoani Kilimanjaro na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri walikuta Hai watu wapya wanaopata kiharusi kwa mwaka ni 108.6 kwa kila watu 100,000, na Dar ni 315.9. Mara tatu karibu. Hapo hujagusa vijana wetu wa bodaboda wanaoumia vichwa barabarani. Kwa hiyo nikisema tupime hili siongelei ugonjwa wa kwenye vitabu vya wazungu, naongelea watu mliowaacha majumbani asubuhi hii.

Niwaambie kuhusu bibi mmoja niliyemhudumia. Kiharusi upande wa kulia, mwili wote wa kushoto umelegea. Bibi mcheshi kweli, wajukuu wote anawajua kwa majina na nani mtundu, bei ya sukari anaijua. Namuuliza bibi mkono wa kushoto vipi, "mzima mjukuu wangu." Hebu piga makofi bibi. Mkono wa kulia ukainuka, ukaja mpaka katikati ya kifua, ukapunga hewani mara mbili tatu, ukashuka. Umepiga bibi? "Si umesikia mwenyewe."

Nikaleta sinia. Sinia la kawaida la chai, vikombe vya plastiki sita, kila kimoja maji kidogo (ya baridi, tafadhali, asije mtu akajaribu hili na chai ya moto), nikalisogeza mbele yake mezani nikamwambia bibi nipokelee. Sasa angalieni vizuri hapa. Mtu anayejua ana mkono mmoja, hata wewe ukiwa umebeba mtoto, unafanyaje? Unapitisha kiganja chini katikati ya sinia ulibalansi. Bibi hakufanya hivo. Alishika ukingo wa kulia, kama mtu ambaye mkono wake mwingine uko tayari ukingo wa kushoto, akanyanyua. Sinia likapinduka vikombe vyote chini. Binti yake pembeni akaanza kulia. Bibi akatuangalia akasema, "mmelijaza mno."

Hakuwa na wasiwasi, hakukasirika, alishangaa tu kidogo kisha akaendelea na stori zake. Ule utulivu ni dalili, mkiuona msiuchukulie kuwa ni ujasiri wala imani.

Hiyo njia ya sinia sio ya kwangu, mtafiti Ramachandran kule Marekani aliieleza miaka ya 1990, na Cocchini na wenzake mwaka 2010 walichapisha kipimo chenye kazi kadhaa za mikono miwili za namna hiyo. Kilichonifanya niipende ni kitu kimoja: kuna wagonjwa ambao kwa mdomo wanasema mkono mzima kabisa, ila ukiwapa sinia wanapitisha mkono katikati. Yaani mdomo haujui, mkono unajua. Na wapo wa kinyume chake, anakiri vizuri kwamba "upande huu umepooza", halafu kila siku anajaribu kusimama na kuanguka. Ukiwa umepima kwa maswali tu hao wote wawili umewakosa.

Kwa upande wa kupooza kipimo rahisi kabisa ni kile cha Bisiach na wenzake, Waitaliano, cha mwaka 1986, hakihitaji hela wala mashine. Unampa mgonjwa 0 kama mwenyewe anautaja mkono ukimuuliza tu kinachokusumbua nini. 1 kama hautaji mpaka umuulize nguvu za mkono wenyewe. 2 kama anakubali baada ya kumpima mbele ya macho yake akaona haunyanyuki. Na 3 kama hata akiona hakubali. Muuguzi yeyote anaweza kuifanya wakati anabadilisha shuka. Na irudieni, maana kwa wagonjwa wa kiharusi hali hii mara nyingi inapungua yenyewe ndani ya siku au wiki za mwanzo, kwa hiyo alama ya jumatatu sio ya jumatatu inayofuata.

Kwa walioumia kichwa kwa ajali ni habari nyingine, na hapa naomba mnivumilie nikae zaidi kidogo. Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi vya mwilini anavijua, atakwambia mguu unauma, naona ukungu, kichwa kizito. Asichokijua ni vile visivyoonekana: kusahau, kushindwa kupanga mambo, kukatiza watu wakiongea, hasira, kutoa pesa kwa kila anayeomba. Na hii haiishi kwa wiki, inaweza kukaa miaka. Ndo maana mama anakuja kliniki anasema "dokta huyu sio mwanangu" na kijana yuko pembeni anamshangaa mama yake.

Msidhani elimu inamkinga mtu. William Douglas alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, mtu mwenye akili nyingi sana. Tarehe 31 Desemba 1974 akapata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Alisisitiza arudi kazini, akasema yule mkono aliumia tu alipoanguka, akawaalika waandishi wa habari waende nae kutembea milimani. Mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mpaka Novemba 1975 ndo akastaafu, baada ya miaka 36 ya ujaji kwenye mahakama ile, na hata baada ya kustaafu aliendelea kutaka kushiriki kwenye kesi. Majaji wenzake walipata shida sana kumwambia. Mnaiona? Na kwetu ambapo baba haambiwi kitu na watoto, shida hiyo inakuwa kubwa mara dufu.

Mwaka 1989 Crosson na wenzake waliligawa hili la kujijua kwenye ngazi tatu, na mimi naona mpaka leo zinasaidia. Ya chini ni kujua kwa maelezo, mtu anakwambia "nina tatizo la kusahau." Ya katikati ni kugundua tatizo wakati linatokea, yuko jikoni anashtuka "ah, nimeshatia chumvi." Ya juu ni kuona kabla halijatokea, "leo nina mambo mengi nitasahau dawa, ngoja nitege alamu." Wagonjwa wetu wengi wakitoka hospitali wana ile ya chini tu, wameifundishwa na sisi wenyewe, wanairudia kama shairi. Ila kuvuka barabara ya Morogoro saa 12 jioni kunataka ile ya juu. Sasa niambieni, kipimo gani cha kukaa kwenye kiti na karatasi kitakuonyesha ile ya juu?

Karatasi zenyewe zipo na mimi sizidharau. Kuna dodoso la mtafiti Prigatano la 1986, lina vipengele 30, mgonjwa anajipa alama 1 mpaka 5 kwa kila kimoja, 1 siwezi kabisa, 5 naweza bila tabu, halafu ndugu nae anajaza kuhusu mgonjwa yule yule na unaangalia pengo. Tuseme kijana kajipa 138 kwa 150, mama yake kampa 87, pengo ni 51, hapo kuna jambo. Ila msiishie kwenye jumla, ingieni kipengele kwa kipengele, mtakuta kwenye kuvaa nguo na kuoga wanakubaliana, kwenye kuzuia hasira na kukumbuka miadi wako mbali kama Dar na Kigoma. Lipo la Sherer la 1998, vipengele 17, linauliza ukilinganisha na kabla ya ajali sasa hivi ukoje, na linajazwa na watu watatu, mgonjwa, ndugu na mtaalamu. Na yapo mahojiano yanayoitwa SADI ya Fleming na wenzake kutoka Australia, 1996, unaongea nae mambo matatu: matatizo gani unayo, yanakuathiri vipi kwenye maisha, na baada ya miezi sita unajiona wapi. Kila moja 0 mpaka 3, na kadiri alama inavyopanda ndo kujijua kunavyopungua. Hilo swali la malengo mimi nalipenda sana, mtu anaweza kukuzungusha kwenye yale mawili ya kwanza ila kwenye malengo anajitoa mwenyewe: "mwezi ujao narudi kuendesha lori la Tunduma."

Sasa shida. Ukichukua dodoso lile ukalitafsiri hivo hivo ukampelekea mzee wa Tandahimba, unamuuliza kupika chakula chako mwenyewe kunakupa ugumu kiasi gani, kufua nguo je, atakuangalia. Hajawahi kupika tangu aoe. Akikujibu 5 au 1 yote ni hewa, na kuendesha gari ni hivo hivo kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Kwa hiyo badilisheni kazi, ila lile wazo la pengo libaki. Wekeni kugawa pembejeo za shamba, kukumbuka wateja wanaodaiwa dukani, kupanda daladala na kushuka kituo sahihi, kukaa kwenye kikao cha ukoo bila kukatiza wengine. Nilimsikia mzee mmoja akisema kumbukumbu zake ziko imara kabisa, na mwanae wa kiume akaja kuniambia nje kwa sauti ya chini kwamba baba siku hizi anaswali adhuhuri rakaa tano, sita badala ya nne, akitoa salamu anaona sawa, na nyumbani hakuna anayethubutu kumwambia. Hakuna dodoso la Marekani lingeniletea taarifa ile. Na ilinipa cha kufanyia kazi, maana ile sala ilikuwa ni kitu anachokijali kuliko mazoezi yangu yote.

Halafu ndugu anayejaza ni nani? Hapa tunakosea sana kama hospitali. Tunamkamata yule mwenye sauti, kaka mkubwa aliyelipa bili, anayemwona mgonjwa sikukuu kwa sikukuu, tunamwambia jaza. Anayejua ni anayelala nyumba ile, mke, binti, pengine dada wa kazi. Na mke mbele ya mashemeji zake hataongea, atasema "anaendelea vizuri" ili asionekane anamsema mume. Waulizeni mmoja mmoja, faragha, mbali na mgonjwa na mbali na wao kwa wao, na ikiwezekana wawili. Na hata hapo yule ndugu sio mizani ya dhahabu. Aliyechoka atampunja mgonjwa, anaona kila kitu kibaya, mwenye aibu atamwongezea. Mama wa kijana wa miaka 22 ambaye alikuwa tegemeo la nyumba, unadhani ni rahisi kuandika 1 kwenye karatasi?

Ongezeni na adabu yetu ya kujibu. Kwetu mtu haanzi kulalamika kwa mgeni, kwanza ni uzima na shukrani, kisha taratibu mkishazoeana ndo anatoa ya moyoni. Kwa hiyo jibu zuri la dakika ya kwanza haliwezi kuhesabiwa kuwa hajijui, pengine ana adabu tu. Kaa nae, rudi siku ya pili, uliza kitu kimoja chenye mwili: "jana uliporudi kutoka sokoni ulikosa kitu gani?"

Kwa hiyo mimi kipimo changu kikubwa ni kazi yenyewe. Abashiri, afanye, ajipime.

Kijana mmoja wa bodaboda, kichwa kiliumia mbele, hakuwa na helmeti. Akija kliniki ukimwona huwezi kujua, anatembea, anacheka, kavaa vizuri. Mama yake anasema amebadilika, yeye anasema kichwa kinauma jioni basi. Nikamwambia tuna kazi, utamtumia mama elfu mbili kwa simu, kisha utaenda genge la hapo nje ununue vitu vitatu hivi urudi na chenji. Kabla hujaanza, nijibu. Utachukua muda gani? "Dakika tano zote." Wapi unaweza kukosea? "Sikosei, hii kila siku nafanya." Kwa kumi unajipa ngapi? "Kumi." Nikaandika yote. Mama nikamwomba akae kimya hata iweje, na kweli alijikaza.

Akapiga *150*00#, menyu ikaja, akaingia kununua muda wa maongezi. Akatoka. Akaingia tena, sasa kutuma pesa, akaanza kuandika namba ya mama kwa kichwa, akasimama katikati, anaangalia juu, menyu ikajifuta. Akaanza upya. Safari hii namba ikaingia, kiasi akaweka elfu ishirini. Ilipofika namba ya siri (nilikuwa nimegeuka, na nyie mgeuke, namba ya siri ya mgonjwa haituhusu) akakosea, na vizuri alikosea kwasababu ile elfu ishirini ingeenda. Akarudia, akakosea tena. Hapo nikamsimamisha kwa upole kabla hajajifungia laini. Akasema, "mtandao leo unasumbua." Ile elfu ishirini hakuiona kabisa. Ulipofika muda wa kujipima akajipa 9.

Nilichoandika kwenye faili sio kwamba ameshindwa kutuma pesa. Niliandika alibashiri nini na kilitokea nini, makosa aliyoyagundua mwenyewe ni yapi na yapi hakuyagundua, akiambiwa "hebu angalia tena" anaona au haoni, na sababu anayotoa ni ipi. Hivo vinne vinakwambia kuhusu kujijua kuliko jumla yoyote. Yeye kwa mfano aligundua ile ya muda wa maongezi bila kuambiwa, kwa hiyo ngazi ya katikati haijafa yote, pa kuanzia papo. Tukawa tunarudia, kazi tofauti, fomu ile ile, na hatukumbishia hata siku moja, tunamwekea tu ubashiri wake na matokeo pembeni asome mwenyewe. Hasira zilikuwepo, siku moja aliichana ile karatasi. Ila ilifika siku kabla hajaanza akasema, "namba naweza kuisahau, ngoja niiandike kwanza." Mama yake alinitazama. Kwangu ile sentensi ina thamani kuliko kutuma pesa bila kosa.

Sasa tahadhari, na wanafunzi naomba hili mlishike. Sio kila anayekataa hajijui. Kuna anayejua vizuri sana na hawezi kuvumilia, moyo unakataa. Huyo ukimkaribia anakwepa, anabadilisha mada, anakasirika, anakataa kazi kabla hata haijaanza kwasababu anajua itamwaibisha. Yule ambaye ubongo haumpi taarifa anaikubali kazi haraka, anafanya, anashangaa matokeo. Prigatano na Klonoff mwaka 1998 walitengeneza fomu ya mtaalamu kutofautisha hawa wawili, lakini hata bila fomu ukikaa na mtu kwenye kazi halisi utaona. Na wengi wana vyote kwa mchanganyiko. Ukimshambulia kwa ushahidi yule anayejihami unamuumiza bure, anahitaji mtu wa kukaa nae kwanza.

Na kujijua kunapopanda, huzuni mara nyingi inapanda nako. Mgonjwa aliyekuwa anacheka anaanza kulia, familia inasema tiba imemharibu. Haijamharibu, ameanza kuona alichopoteza. Ila ni wajibu wetu tusimfungue macho halafu tukamwachia tarehe ya kliniki ya miezi mitatu mbele. Kama huna uwezo wa kumfuatilia, punguza kasi.

Wasioweza kuongea vizuri, walioumia upande wa kushoto wa ubongo, hao tunawaruka kabisa na sio haki. Della Sala, Cocchini na wenzao walitoa mwaka 2009 kipimo cha picha, unaonyeshwa picha ya kazi, unaonyesha kwa kidole kwenye mstari ugumu wake. Na maswali mengine yamewekwa ya kuhakikisha mtu anaelewa anachoulizwa. Picha zetu tunaweza kuchora wenyewe, mtu anakuna nazi, anasuka ukili, anapanda bajaji. Na kuhusu yale mliyoyasoma mtandaoni ya maji baridi sikioni, ni kweli watafiti waliona mgonjwa anaweza kutambua kupooza kwake kwa muda mfupi akimwagiwa maji baridi sikio la kushoto, ila inapita haraka na sio tiba, msimwagie mtu maji sikioni nyumbani.

Baadae kwenye maswali dada mmoja alisimama kule nyuma, mume wake alianguka na pikipiki, sasa kila asubuhi anadai ufunguo, na ndugu wa mume wanasema mpe mwanaume kazi yake unamfanya mtoto. Nilimjibu hivi na naandika hapa kwasababu wengi walinifuata na swali hilo hilo. Dada yangu, wewe usiwe askari wa ufunguo peke yako, ndoa haitabeba. Mlete kliniki na mlete yule shemeji mwenye sauti kuliko wote. Tutampa mumeo kazi za barabarani akiwa kwa miguu kwanza: avuke na mimi, kabla hajavuka aniambie ataangalia nini na hatari itatokea wapi, halafu avuke, halafu ajipime, na shemeji aandike kwa mkono wake mwenyewe anachokiona. Kisha apande nyuma kama abiria na kabla ya kila kona aseme nini kinakuja. Tutakubaliana nae mbele yenu wote, kwa maandishi, kwamba ubashiri wake na matokeo vikikaribiana kwa kiasi tutakachokiandika, ndo apelekwe kwa daktari apimwe macho na kifafa, na hapo ndo tuongee habari ya pikipiki. Mpaka siku hiyo ufunguo akae nao shemeji, sio wewe.